Mkeka Uliowaita Majirani Haneti

Nilipanda basi la Haneti kutoka Dodoma kwa sababu ya simu moja ya mama. "Nasikia siku hizi unakaa umefumba macho kama kuku mwenye mdondo," alisema. "Kanisa umeliacha?" Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kutafakari kila alfajiri: nakaa kimya, napumua taratibu, moyoni nalitaja jina la Yesu. Mdogo wangu aliniona, habari zikamfikia mama kabla sijakunja mkeka. Bila baraka ya mama nisingeweza kuendelea, maana ndiye aliyenifundisha kusali.

Baada ya Msalato majengo yalipungua, yakafuata mashamba ya mtama na alizeti. Njia nzima nilipanga maneno ya kujitetea. Tulipofika sikuwa na hata moja la maana.

Haneti mama alinipokea kwa ugali wa uwele na mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kula kwanza. Mengine kesho."

Nampenda kwa hilo. Hajawahi kumgombeza mtu mwenye njaa.

Asubuhi nilitandika mkeka uani, nikajitanda kanga kwa ajili ya baridi. Mama akaja akaketi kando yangu. "Nione mwenyewe unachokifanya," akasema. Tukanyamaza wote wawili. Kumbe nimesahau kwetu ni wapi: wanawake hawaketi chini kimya asubuhi, kanga kichwani, ila nyumba ikiwa na msiba.

Jirani yetu Mama Yohana alipita, akatuona, akageuka. Aliporudi alikuwa na wenzake, mmoja na kuni, mwingine na unga. Wakaketi nasi polepole.

"Poleni," Mama Yohana akanong'ona. "Ni nani jamani?"

Nikafumbua macho. Sasa mama angesema nini mbele za watu? Mama alicheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Hakuna aliyekufa. Huyu mwanangu anasali bila maneno."

"Bila maneno Mungu atamsikiaje?"

Mama akaokota kilemba chake. "Sisi tumemsemesha miaka yote. Labda sasa tumwachie na Yeye aseme."

Nilirudi Dodoma na ule unga wa msiba, kwani wenyewe walikataa kuuchukua. Nilikwenda kujitetea, nikajifunza kwamba kwetu hata kimya hukai peke yako.

Alfajiri iliyofuata simu iliita.

"Umeshaanza?"

"Bado, mama."

"Basi nisubiri. Natandika mkeka."