Sindano Isiyouma

Nilifukuzwa kazi yangu ya kwanza ya uuguzi kwa kosa la kutoumiza watu. Shuleni walinisifu kwa hilo. Lakini wakulima wa Masisi waliopanda vilima kutoka Nyabiondo kuja kuchomwa penisilini walitaka kurudi nyumbani wakichechemea, majirani waone kwamba wametibiwa. Mimi niliwapigisha soga, nikachoma, nikasugua kwa pamba, basi. Siku moja mama mmoja alisimama mlangoni akaitangazia foleni nzima:

"Hii dawa yake iko maji! Sikusikia hata kitu. Ile ya kweli anauzisha ku soko!"

Wazee wa kanisa, wenye zahanati, walikaa kikao kifupi. Hakuna aliyenitukana, walinifungia hata maharage ya njiani. Nikashuka Walikale, kwenye machimbo ya bati, ambako nilisikia wanatafuta muuguzi. Huku nikirushwarushwa juu ya magunia ya lori, nilifikia uamuzi wa kitaalamu: safari hii nitaumiza.

Mkuu wa zahanati ya machimbo hakuiangalia diploma yangu.

"Wachimbaji wa hapa wanakimbia sindano," alisema. "Mugonjwa mwenye utachoma leo, akirudi kesho kwa sindano ya pili, unabaki. Asiporudi, lori iko. Itakurudisha kwenu."

Aliyeletwa alikuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa shingo nene, mwenye jipu mgongoni. Nilimfikiria yule mama wa Masisi, nikachoma kama ninayechimba shimo la nguzo. Kapita alimlilia mama yake, akatoka mbio suruali akiishikilia mkononi, akapita mbele ya watu wake wote. Walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilikwenda kufunga sanduku langu.

Asubuhi, dereva akiwa anapakia lori, kapita aliingia na kufunga mlango nyuma yake. Jipu lilikuwa limeanza kunywea, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka matangani.

"Muganga, jana uliniua mbele ya watu yangu," alinong'ona. "Leo ufanye polepole. Nakuomba, kaka."

Nilimuuliza habari za watoto wake. Alipofika kwa wa tatu, akakatiza:

"Unangojea nini? Choma basi!"

"Nilishamaliza, Papa."

Alijipapasa, akaniangalia kwa mashaka, kisha kwa furaha kubwa mno. Akafunga mkanda, akafungua mlango, akatoka kifua mbele.

"Leo imeuma kuliko jana!" niliwasikia wachimbaji wakitangaziwa nje. "Moto kabisa! Mulisikia nikilia? Mimi njo mwanaume! Nani mwingine anaweza?"

Wakaingia mmoja mmoja, meno yamekazwa. Niliwachoma kwa mkono wangu wa siku zote. Kila mmoja alishangaa kidogo, akatafakari, kisha akatoka na kuapa kwamba yake ndiyo imeuma kupita zote. Mmoja alichechemea kwa mguu usiohusika.

Mkuu wa zahanati alikuja kusimama mlangoni.

"Unaumizaka watu sana," alisema.

"Unisamehe, Papa."

"Nikusamehe nini? Hapa hakuna mwenye alikuwa anarudia siku ya pili. Enda uvae ile koti nyeupe."

Lori lilipopiga honi, nilikuwa nachemsha sindano.