Bega Lililopasuliwa Mara ya Pili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Twakaa uchochoroni nyuma ya Ndia Kuu, na wifi yangu husema hata paka wetu hutembea kunishinda. Lakini harusini nilikuwa nikienda, biriani ikiniita. Nikaacha pale bega langu la kulia, lile la chuma nililowekewa miaka ya nyuma, lilipoanza kucheza kama bawaba iliyolegea. Mkono ukawa haupiti kifua. Sasa mmelizunguka sinia wanawake wanne, mkono wa kulia umegoma, utakula na nini? Wa kushoto haufai. Kijiko nilipewa mara moja, nikajiona mtalii.

Daktari alinionyesha picha. Chuma kililegea kikaula mfupa, na uliobaki ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Alisema atalitoa bega la zamani, achukue kipande cha mfupa nyongani ajazie palipolika, kisha atie bega jipya la kugeuzwa, kinyume cha la asili: tufe likae upande wa bega, kikombe upande wa mkono.

"Mkono utapanda hadi wapi?" nikamuuliza.

"Kichwani sikuahidi. Mdomoni, inshallah, ukifanya mazoezi. Lakini mfupa ukikataa kushika, mama, sina pengine pa kujaribu."

Wifi, aliyenisindikiza, akadakia: "Nyongani chota tu, daktari, usione haya. Hapo hapana upungufu."

Nikacheka. Kisha nikaogopa. Kisha nikakubali, maana hofu ya bega nimeizoea, ya kijiko sijaizoea.

Baada ya kupasuliwa, mkono ulitungikwa shingoni kwa kitambaa mpaka nikasahau kuwa ni wangu. Ulipofunguliwa, kila baada ya swala ya alfajiri nilitambaza vidole ukutani kama mjusi kafiri. Nililia, nikapumzika, nikatambaa tena.

Ijumaa moja wifi akaja na sinia la biriani, tukakaa mkekani. Akafinyanga tonge, akalileta mdomoni kwangu.

"Haya, bi harusi, fungua."

"Nililishwa siku ya harusi yangu, na aliyenilisha ni kakako. Toa mkono."

Nikakamata wali. Mkono ukapanda, ukafika kidevuni, ukasimama pale. Kuinamisha shingo nilikuwa nimejikataza. Wifi akalila mwenyewe lile tonge. Nikausukuma mkono. Wali ukanimwagikia kifuani, ila kiazi kikaingia.

"Umekula kiazi tu," akasema.

"Nyama yaja," nikamjibu na kinywa kimejaa, nikaurudisha mkono siniani.