Kutu Ndani ya Ng'ombe

Mimi majina hayanipotei. Ng'ombe wote waliopita katika boma hili nawajua mmoja mmoja, hata wale wa mahari yangu. Kwa hiyo daktari wa mifugo alipotaja dawa aliyomdunga ng'ombe wetu, niliyashika majina hapo hapo: vitamini E na seleniamu. Kazi ya dawa yenyewe ndiyo imekataa kuniingia kichwani mpaka leo.

Mahindi yalinyeshewa shambani kabla hatujavuna. Kuyapukuchua, mengine yana kuvu ya kijani. Nikaketi na mke wa mwanangu, tukachambua kama tunavyochambua miaka yote: mazuri ya watu, mabaya ya ng'ombe. Redio husema kuvu inaua watu. Ya ng'ombe sikuisikia, au waliisema nikiwa shambani.

Baadaye ng'ombe akaanza kususia nyasi, maziwa yakapungua. Na maziwa hayo ndiyo chakula cha kitukuu changu. Mama yake anafanya kazi Nchiru, mtoto ameniachia mimi.

Daktari alikuja kwa pikipiki kutoka Makutano, msichana rika la wajukuu wangu, naye huniita shosho kama wao. Tukamwonyesha lile debe la mahindi mabaya. Akanusa, akaguna.

"Shosho, hii ni sumu. Inakula ini la ng'ombe kama kutu inavyokula mabati."

"Kwani ng'ombe ana chuma wapi?"

"Ni mfano tu." Akamdunga ng'ombe sindano shingoni. "Na hii dawa ni kama rangi unayopaka mabati."

"Basi sumu imetoka."

"Haijatoka. Rangi haizuii mvua kunyesha. Inasaidia ini livumilie, ng'ombe mwenyewe aitoe polepole. Mpe majani mabichi kwa wingi, nayo yana vitamini. Haya mahindi asiyaone tena."

Hapo nilielewa nusu. Nikamuuliza kama anaweza kunipaka rangi hiyo magotini.

"Mama, magoti yako hayana kutu," mke wa mwanangu akadakia. "Yamemalizwa na maombi."

Daktari akacheka, halafu akageuka ghafla. "Maziwa anakunywa nani?"

Tukamwonyesha mtoto, ameketi mlangoni na kikombe chake.

"Asinywe kwanza. Hata nyinyi msinywe mpaka nirudi. Sumu inapita kwa maziwa."

"Si umeshapaka rangi?"

"Nimekinga ini la ng'ombe, shosho. Maziwa sijayakinga."

Akaenda zake, akaniacha nimesimama pale. Ng'ombe ni mmoja, damu ni moja, sindano imeingia shingoni. Itakingaje ini halafu isahau chuchu?

Jioni nilimpa majani ya viazi vitamu, akala. Macho yamechangamka kabisa. Nikamkamua, sufuria ikapanda povu, harufu ileile ya siku zote. Mtoto akaninyooshea kikombe. Nikamtilia uji usio na maziwa, akaonja, akalia.

Nikabeba sufuria hadi kwenye bakuli la mbwa. Nikainamisha, mkono ukakwama. Mabaya ya ng'ombe, ndivyo nilivyosema siku ile. Na haya sasa niseme ni ya mbwa? Yakitoka kwa mbwa yataenda wapi? Sikujua. Nikayamwaga kwenye shimo nyuma ya migomba.

Kuku wakaja mbio, shingo mbele. Nikawafukuza kwa kanga, wakazunguka, wakarudi upande wa pili. Mtoto bado analia mlangoni. Nikachukua jembe, nikafukia maziwa mazuri meupe, nikashindilia kwa mguu.