Mawifi Wawili na Kalamu ya Mdhamini

Mwaka jana, kwenye ofisi moja ya mikopo ya watu binafsi pale Makambako, nilikaa benchi moja na mawifi wawili. Binti wa ndugu zao alikuwa anaomba mkopo wa chuo, na kila mmoja alitaka kuwa mdhamini.

"Mimi ni shangazi, damu ya baba yake," alisema wa kwanza.

"Na mimi mama yake mdogo. Nani alimlea, wifi?"

Nilijua wanachogombea. Siku ya mahafali, mdhamini ndiye atakayevishwa kitenge mbele za watu.

Karani akawaambia taratibu, "Binti asipolipa, tunamdai mdhamini. Shamba lake la miti linaondoka."

Shangazi, aliyekuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kalamu, akaurudisha. Mama mdogo akatabasamu, akanyoosha wake. Kuona tabasamu lile, shangazi akaipokonya kalamu na kusaini kabla hajasomewa ukurasa wa pili. Hata mimi, niliyekuja kwa shida zangu, nilimwonea gere.

Kiangazi hiki sisi wenye miti huku Njombe tunaogopa moto. Shangazi yule anaogopa moto, na kila jioni anampigia binti simu kumuuliza kama anasoma.