Karani Aliyejiandikia Kosa

Pastory Ndyamukama alikuwa karani wa baraza la Nyabiyonza miaka ya thelathini, na karani mkweli kama yule sijamwona tena. Kitabu chake cha makosa hakikuwa na mstari wa uongo hata mmoja. Ndiyo maana Bomani Bukoba walituona wahalifu kupita Karagwe yote. Kesi ishirini kwa mwezi! Ukizisoma, karibu zote ni kupika rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kibali.

Wezi walikuwa wapi? Wa kutafuta. Kwetu anayekamua ndizi hupeleka kibuyu cha kwanza barazani, wazee waonje. Kunywa kwa kificho ndiyo aibu. Sheria ya kibali ilipokuja, watu hawakuacha adabu yao. Walikuja na vibuyu mchana kweupe, Pastory akawaandika, wakakaripiwa, wakarudi nyumbani wanacheka. Ushahidi wamejiletea wenyewe, jamani! Vijiji vilivyoficha vilionekana vitakatifu.

Halafu ikaja amri mpya: kosa la tatu, jela miezi mitatu. Wiki ileile akaingia mjane Kokushubira na kibuyu kichwani. Alikuwa amepika ya kuondoa matanga ya mumewe. Pastory akafunua kitabu, akahesabu. Lilikuwa kosa la tatu la mama huyo.

"Shikamoo, mama. Mbona hukuomba kibali?"

"Marahaba. Kibali ni mwendo wa siku mbili, mwanangu, na ndizi zilishaiva. Ningewanyima wazee?"

Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa Bomani, alikuwa anakuja kesho yake kukagua kitabu. Mzee Muhangi, mkubwa wa baraza, akamnong'oneza karani, "Mruke huyu. Nani atajua?"

Mwingine angemruka. Pastory aliona akiacha jina moja, kitabu kizima kimekuwa uongo. Lakini kumfunga mama wa watu kwa sababu ya adabu yake, hilo nalo hakuliweza. Akaketi kuisoma ile sheria neno kwa neno, mpaka akafika panaposema kwamba anayepokea na kunywa ana kosa sawa na mpishi. Lo! Akachovya kalamu.

Kesho yake Bwana Shauri alisoma jina la Kokushubira. Chini yake paliandikwa: "Aliyepokea na kunywa: karani Pastory, mara mia moja na kumi." Akafuata Mzee Muhangi. Wakafuata wazee wote wa baraza, kila mmoja na idadi yake.

"Una wazimu? Nifunge baraza zima?"

"Sijui, bwana. Mimi nimehesabu tu, kama mlivyoagiza."

Bwana Shauri aliiva uso. Asingeweza kumfunga mjane akawaacha walioinywa. Akaupiga ukurasa mistari ya kuufuta, Kokushubira akaambiwa aende zake. Pastory akafukuzwa kazi palepale, miaka kumi na miwili bila hata asante. Roho inaniuma hadi leo.

Akaletwa karani mgeni. Mwezi wake wa kwanza alipeleka Bukoba karatasi isiyo na kosa hata moja, wakampongeza kwamba amekomesha uhalifu Nyabiyonza. Thubutu! Watu walikuwa wanapika kama kawaida. Vibuyu vya kwanza sasa walivipeleka kwa Pastory, mgombani kwake, mchana kweupe, na aliyetangulia kufika alikuwa Kokushubira.