Tangazo la Tatu

Sina sababu ya kukudanganya. Nimekula chumvi nyingi, nimefundisha neno la Mungu katika nchi tatu, na siku yangu ya kusimama mbele zake haiko mbali. Haya ninayokuambia niliyaona kwa macho yangu, miwani ikiwa usoni, nikiwa nimekunywa chai tu. Watoto wangu wakinibishia, nawatuma wakamuulize mama yao. Yeye naye aliona.

Nianze na kanisa lenyewe. Ni kanisa dogo la mbao, jeupe, upande wa mji wa Savage, hapa Minnesota, si mbali na mto. Lilijengwa na watu waliokuja zamani na mikokoteni ya ng'ombe, wakati huko kote kulikuwa nyasi tupu zinazomzidi mtu kimo, na mji wenyewe ni njia moja ya udongo yenye mhunzi, duka na nyumba ya wageni. Leo kuna maghala na barabara kubwa, lakini kanisa limebaki, na makaburi yao nyuma yake. Wazungu wazee waliokuwa wakisali pale hawakujaza hata mabenchi matatu. Wakatukaribisha sisi tusemao Kiswahili, Wakongo wengi na Wakenya kiasi, tuabudu mchana baada ya ibada yao. Nawashukuru mpaka leo.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa na msomaji wa matangazo. Desturi yetu unaijua: ndoa haifungwi mpaka majina yasomwe Jumapili tatu, na kila mara watu waulizwe kama kuna mwenye pingamizi. Wenyeji wetu walikuwa wameiacha desturi hiyo zamani sana. Sisi tulikuja nayo, kama tulivyokuja na sufuria zetu.

Hapa lazima nikiri jambo, maana bila hilo kisa hiki hutakielewa. Mimi na mke wangu, Mama Riziki, tulisomwa mara mbili tu. Kwetu Fizi, Kongo, mahari ilishapokelewa, na gauni lilikuwa kwa fundi. Jumamosi, kesho yake tusomwe mara ya tatu, vita vikaingia. Tukakimbia na nguo za mwilini. Kambini Tanzania kila mtu alituhesabu mume na mke, na karatasi za kuja Amerika zikaandika hivyo hivyo. Nilipofanywa mzee wa kanisa hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Ningeanzia wapi? Mama Riziki alinisihi mara nyingi twende kwa mchungaji. Kila mara nikajibu, mwakani. Kwa hiyo nyumbani kwetu, katika mji wa Crystal, nikimuudhi alikuwa na jina langu.

"Bwana Mara Mbili, takataka hazijatoka."

"Mama Riziki, watoto watasikia!"

"Wasikie. Si wanajua kuhesabu mpaka tatu?"

Tulikuwa tunacheka. Yeye alicheka kidogo kuliko mimi, na mimi nilijifanya sioni.

Basi, Jumamosi moja ya Januari nilikwenda kanisani peke yangu kuwasha hita, mabomba yasigande. Ilikuwa saa kumi na moja za jioni tu, lakini huku Minnesota, wakati wa baridi, saa hiyo giza limeshaingia. Ndani kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Nikapiga hita teke kama ilivyozoea, ikaanza kunguruma. Wakati nangoja ipate moto, nikasimama mbele kusoma kwa sauti matangazo ya kesho, maana macho yangu hayana nguvu na sipendi kukwama kwenye jina la mtu. Kulikuwa na vijana wawili wa kwetu wanaooana. Nikasoma majina yao, nikamaliza: "Hili ni tangazo la tatu."

Sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Na letu?"

Nikainua kichwa. Alikuwa msichana wa kizungu, gauni la kijivu mpaka chini, shali nyeusi mabegani. Sikuogopa, niamini. Wenyeji wetu walikuwa na siku yao ya kukumbuka waanzilishi, na siku hiyo huvaa mavazi ya kale. Nikadhani ni mjukuu wa mmoja wao anajaribu nguo. Nikamwambia, "Binti, utaganda hapo nyuma. Sogea karibu na hita."

Akasogea. Hapo ndipo nilipoona mambo mawili. Mimi nikisema, mvuke ulinitoka mdomoni kama moshi wa jiko. Yeye akisema, hautoki. Na pindo la gauni lake lilishikwa na majani ya nyasi na mbegu zake, majani mabichi, ya kijani. Nje theluji ilikuwa inanifika magotini. Nyasi mbichi angezitoa wapi?

Nikasema kwa nguvu zangu zote, "Kwa jina la Yesu!"

Naye akainamisha kichwa akaitikia, "Amina."

Sasa wewe ungefanya nini? Pepo nimewahi kuwakemea. Sijaona anayeitikia amina. Nikakaa chini. Nikamwambia aseme.

Jina lake Marta. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni katika mji ule wa njia moja. Akaja kijana mchimba visima, Anders, akachimba kisima nyuma ya jiko lake. Kazi ya Marta ikawa kumteremshia mkate kwa ndoo. Ndoo ilipopanda na udongo, juu yake palikuwa na kitu kila siku: kijiwe chekundu, kipande cha jiwe chenye alama ya konokono. "Hakuwa msemaji," akasema, na akatabasamu. "Kisima kilipofika maji, nilikuwa na mawe bakuli zima." Baba yake alimtaka aolewe na mwenye duka. Yeye akasema hapana, na akaendelea kusema hapana mpaka mzee akachoka. Majina yakasomwa mara ya kwanza, mara ya pili. Jumapili ya tatu dhoruba ya theluji ikamzuia mchungaji njiani, na Anders akatoka na farasi kwenda kumleta. Farasi alirudi peke yake.

"Walimpata nyasi zilipoota," akasema. "Hakuwa na ndugu hapa. Wakamzika nje ya ua wa makaburi. Nami nilipozeeka, kabla sijafa, niliomba wanilaze kando yake. Wakasema, hukuwa mke wake, hata kutangazwa hamkumaliza."

"Na miaka yote hii?"

"Nimekuwa nikingoja asome mtu. Walikuwa wameacha kusoma. Kisha mkaja ninyi."

Utaniuliza alisema lugha gani. Nami nimejiuliza. Kiingereza changu ni cha kuulizia basi na kuongea na daktari, lakini nilimwelewa neno kwa neno, kama dada yangu.

Nikamwambia ukweli wa Maandiko, kwamba baada ya ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi, na kwamba mimi siwezi kufungisha ndoa ya marehemu.

"Sikuombi ndoa," akajibu, wala hakupandisha sauti. "Naomba nisomwe. Kama kuna mwenye pingamizi, na aseme. Nitakuja kesho. Nimekuja kila Jumapili."

Nikainama kuandika majina yao kwa penseli chini ya orodha yangu. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu. Sakafuni palibaki majani matatu mabichi na mbegu. Nikazifunga kwenye leso.

Nikampigia mchungaji simu. Ni kijana Mkenya, mtu mzuri, siku za kazi ni muuguzi.

"Mzee wangu," akasema baada ya kunisikiliza, "umekula leo?"

"Nimekula."

"Dawa za presha umemeza?"

"Nimemeza."

"Basi lala, mzee. Kesho soma zile zilizoandikwa. Usituletee mizimu madhabahuni."

Mke wangu sikumwambia kitu. Niliomba usiku mzima. Sauli alimtafuta marehemu, akahukumiwa. Mimi sikumtafuta mtu. Huyu alikuja kanisani kuomba kile ambacho kila muumini hupewa, naye alikuwa hajachoka kuomba. Mimi nani nichoke kwa siku moja? Alfajiri nilikuwa nimeamua, na moyo wangu ulitulia kabisa.

Jumapili kanisa lilijaa, na joto lilikuwa zuri. Mama Riziki alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na jiko, kwa sababu zamu ya chakula ilikuwa yake. Nikasoma tangazo la wale vijana, vigelegele vikapigwa. Kisha nikasema, "Kuna lingine." Mchungaji akanitazama na kutikisa kichwa polepole. Nikaendelea.

"Marta, mpishi, na Anders, mchimba visima, wote wa mji huu. Hili ni tangazo la tatu. Mwenye pingamizi na aseme sasa."

Wamama wa kwaya wakaanza kunong'onezana.

"Ni akina nani hao?"

"Labda wale wa Woodbury."

"Woodbury nani anachimba kisima? Si wana bomba?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nikitazama nyuma. Marta alikuwa ameketi pembeni ya mke wangu, bega kwa bega. Na mlango haukufunguka, nakuapia, lakini nyuma ya Marta alisimama kijana mrefu, kofia mkononi, udongo mwekundu mpaka magotini. Nikangoja kimya chote kinachotakiwa, sikukipunguza hata kidogo. "Hakuna pingamizi," nikasema. Marta akashusha pumzi. Na katika kanisa lile lenye joto, niliona mvuke ukimtoka mdomoni. Kisha pale palikuwa na mke wangu peke yake.

Nikakunja karatasi. Nikasikia benchi linalia, mtu anasimama.

"Na letu?"

Alikuwa Mama Riziki, mwiko mkononi.

Mchungaji akauliza, "Letu lipi, mama?"

"Muulize msomaji."

Ningeweza kusema kaa chini, mama, tutaongea nyumbani. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la mwakani. Lakini ningemtazamaje, baada ya yule wa nyasi kungoja mpaka akazeeka, akafa, na akangoja tena? Nikavua miwani. Nikawaambia wote. Fizi, gauni kwa fundi, Jumamosi ile, karatasi, na aibu yangu iliyojifanya heshima miaka yote hiyo.

Mchungaji akasema pengine tuanze upya, la kwanza.

"Mawili yalisomwa," Mama Riziki akasema. "Risasi hazikuyafuta. Mimi nadai moja."

Mchungaji akanijia, akachukua karatasi na penseli mikononi mwangu, akaandika, akasoma mwenyewe. "Hili ni tangazo la tatu." Sikuwahi kujua jina langu lina uzito hivyo.

Uzee wa kanisa nilivuliwa mwaka mzima, kwa haki, nami nikashukuru. Tulifunga ndoa mwisho wa mwezi. Bibi harusi alivaa buti za theluji chini ya gauni. Usiku wa ile Jumapili alikuwa ameniuliza, "Yule binti wa kizungu aliyekaa nami ni nani? Mkono wake baridi kama samaki. Alinishika akasema, simama, dada. Akasema, mimi nilikaa nikingoja."

Zile mbegu tulizipanda kwenye kopo barazani. Kila masika zinaota, nyasi ndefu, nyembamba, zinazoinama hata bila upepo. Nyingine tulizihamishia kwenye ua wa makaburi, kati ya kaburi la Marta na lile jiwe lisilo na jina lililo upande wa nje, alipolala Anders. Wazungu wazee walipoona zimeota pande zote mbili, wakang'oa ua kipande kile wenyewe, wala hatukuwaambia sababu.

Jina la Bwana Mara Mbili sijalisikia tena. Na nikikaa kanisani, mpaka leo, siwezi kuketi bila kwanza kugeuka kutazama benchi la nyuma.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Kama kuna mtu uliyemwacha kwenye tangazo la pili, kwa vita, kwa theluji, au kwa aibu tu, nenda ukamalizie leo. Anayengoja anaweza kuwa mpole, akacheka nawe, akakupikia. Lakini anangoja. Na siku atakaposimama kuuliza, usidhani atakuwa amesimama peke yake.