Manifodi ya Papa Kambale na Shimo ya Ndizi

Niseme mwenyewe mapema, kabla mtu ingine hajawaambia vibaya kuliko ilivyokuwa: ndiyo, mimi ndiye yule mwanaume alienda kuchukua bibi kule Karambi akaishia kwa shimo moja na mama mkwe. Chekeni mumalize. Leo hata mimi nacheka, lakini siku ile nilitaka ardhi inimeze (na kwa kweli ilinimeza, ndiyo shida yenyewe).

Wakati ule nilikuwa makanika hapa Kasese, shule niliacha darasa la sita, mimi na hesabu tuliachana bila ugomvi, na mteja wangu mkubwa alikuwa Papa Kambale (papa ni baba kwa Wakongo), mfanyabiashara wa Butembo kule Kongo, mnene, Mkatoliki wa kutundika rozari kwa kioo, na pikapu yake ilikuwa inapasua manifodi vile watu wengine wanapasua karanga. Manifodi ni kile chuma kinatoa moto na moshi kwa injini na kupeleka kwa ekzosi, kikipasuka gari inapiga kelele kama bunduki. Ya kwanza ilipasuka, ya pili ikapasuka, na sababu niliijua: Papa anatoka Bwera na mzigo wa kahawa, injini imewaka moto, halafu anaingiza gari moja kwa moja kwa mto Nyamwamba kuosha, na ile maji inatoka kwa theluji ya mlima. Chuma ya moto, maji ya baridi! Nikimwambia, anasema, na Kifaransa chake cha kuita makanika, "Mekanisiye, gari yangu iko Mukatoliki, lazima ibatizwe!"

Ya tatu akaleta mpya kutoka Butembo, imefungwa kwa gunia kama mtoto mchanga. Tukapatana hivi: nikiifunga, Jumamosi atanipeleka Karambi pamoja na mbuzi zangu za mahari, kwa baba ya Biira, msichana niliyetaka kuoa. Na hiyo Jumamosi haikuwa ya kuchezea, kwa sababu wazee walikuwa wameniambia wazi, usipofika siku hiyo, kuna mwalimu mmoja wa Rukoki anangoja nyuma yako. Mwalimu! Mtu amemaliza shule!

Sasa mujue manifodi mpya iko na adabu yake. Unakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, unawasha injini mpaka ipate moto, unazima, unangoja ipoe kabisa, halafu unakaza mara ya pili, kwa sababu moto inalegeza kila kitu. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Na mimi Jumamosi asubuhi nilimaliza kukaza mara ya kwanza, nikaangalia jua, nikaangalia viatu vyangu vimeng'aa, nikasema aa, mara ya pili ni ya watu waoga.

"Imeisha?" Papa akauliza.

"Imeisha kabisa, Papa. Hii tutazikwa nayo."

Mwanzo gari ilienda kimya kama paka ameshiba. Tulipokaribia Bwera nikasikia tsi-tsi-tsi kidogo, nikaanza kuimba ili Papa asisikie. Halafu PA! Halafu PA-PA! Na musisahau ilikuwa ile miaka ya askari, mtu akisikia PA hakai kuuliza. Kwa soko wanawake waliacha nyanya zao zikijiuza zenyewe, na kwa kizuizi askari mwenyewe alikuwa amelala chini ya meza, alipotoka na vumbi kwa magoti alikasirika zaidi kwa sababu tulimwona.

"Wewe! Nani napiga risasi?"

"Ni manifodi, afande."

"Iko wapi huyo Manifodi? Ashuke!"

Nikafungua boneti nikamwonyesha, nikaomba nafasi ningoje ipoe nikaze. "Hapana! Toa hii kelele hapa! Mbio!" Tukaondoka PA-PA-PA, na Papa mkono mmoja kwa usukani, mwingine kwa rozari.

"Mekanisiye, ulisema tutazikwa nayo. Sasa niko naona ni leo."

Karambi nilitegemea vigelegele. Tukakuta viti vimepangwa, pombe ya ndizi iko kwa mitungi, sufuria ziko motoni, na mtu hata mmoja hakuna. Wote walikuwa wamesikia bunduki inapanda kilima, wakakimbilia shamba ya ndizi. Mbuzi zangu nazo ziliruka zikawafuata. Nikaingia shamba mbio, napiga kelele, "Rudini! Ni mimi mkwe! Ni gari tu!" na hapo hapo dunia ikaisha chini ya mguu wangu.

Kwetu ndizi za pombe tunaivisha kwa shimo, tunafunika na majani. Nilianguka juu ya ndizi, na kando yangu mtu aliyeanguka kabla yangu akasema, "Yesu! Nani?"

"Ni Thembo, mkwe."

Akajibu kwa sauti ndogo: "Maria mtakatifu. Mimi ni mama ya Biira."

Na kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso, hawasemezani, wakikutana njiani kila mtu anaingia msitu wake. Shimo haina msitu. Nikageuza uso kwa udongo, nikasikia yeye pia amegeuka. Tukakaa hivyo, mgongo na mgongo, mpaka yeye akashindwa.

"Wewe ndizi," akasema, "uliza huyu mtu kama askari ni wengi."

"Ndizi," nikajibu, "mwambie mama askari hakuna. Ni gari."

"Muulize gari inapiga risasi kwa nini."

"Mwambie kuna chuma sikukaza mara ya pili."

"Kwa nini hakukaza? Mikono ilikuwa inauma?"

"Mwambie nilikuwa na haraka. Niliogopa nikichelewa Biira atapewa mwalimu."

Halafu nikasikia kicheko, kile cha kuzuiwa na mkono kinatokea kwa pua.

Watu waliporudi na mbuzi zangu walileta ngazi, akatoka yeye kwanza, mimi nimefunga macho kama mtu anasali. Wazee wakakaa. Baba mdogo ya Biira akasema hii ni aibu, mwalimu hawezi kuanguka na mama ya watu kwa shimo. Baba mwenyewe akaniangalia, suruali imejaa utomvu, nyuki wananizunguka.

"Kijana, hiyo kitu yako inapoa kwa muda gani?"

"Kama saa mbili, mzee."

"Basi wote tutangoja. Nataka kuona kama unajua kungoja."

Nikasimama kwa boneti saa mbili nzima, watu wananitazama kama picha ya ukutani, na Papa anakunywa akiambia kila mtu, "Huyu ni mekanisiye yangu!" (sikujua kama ni sifa au matusi). Ilipopoa nikakaza, katikati kwenda pembeni, nikawasha. Kimya. Mzee akaweka sikio karibu na injini kama daktari.

Ndipo ile sauti ya kwa shimo ikatoka jikoni: "Mupeni huyo. Anasema makosa yake bila kupigwa. Mimi mwanaume wa namna hiyo sijaona hapa."

Wanaume wote wakaangalia chini, baba ya Biira wa kwanza.

Nilipewa. Na tangu siku ile gari haitoki kwa mkono wangu bila kukaza mara ya pili, wateja wanalalamika, nawaambia kaeni, kuna kiti. Mama mkwe mpaka leo uso wake siujui. Lakini tukienda kusalimia, nikisikia kile kicheko cha pua nyuma ya nyumba, najua ni mimi nasimuliwa tena, na nakunywa pombe yangu polepole.